Kidole Kwenye Rilei

Watu walikuwa wanatoka misani walipoona tangi la mlimani linamwaga maji. Yalishuka ubavuni mwa tangi, yakapita kwenye migomba ya katekista Idefonsi, yakaingia barabarani, na watoto wakaanza kuyakanyaga kwa viatu vyao vya Jumapili. Hakuna aliyeogopa. Watu wa Kibimba walipanda na kushuka mlima kutafuta maji tangu enzi za mababu mpaka bomba lilipokuja, na kuyaona yakimwagika bure kuliwachekesha wengi.

Thobias hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa pampu ya kitongoji, na alijua kwamba tangi likijaa, boya lililomo ndani hupanda, na boya likipanda pampu huzimika yenyewe. Alishuka bondeni kwenye kibanda cha pampu akiwa bado na shati la misa lililofungwa mpaka kooni. Kabla hajaufikia mlango, pampu ikanyamaza. Kufuli lilikuwa lake, na lilikuwa limefungwa vilevile alivyoliacha. Ndani sakafu ilikuwa kavu, lakini palinuka tope bichi, tope la chini kabisa la kisima ambalo halijawahi kuona jua.

Hakumwambia mtu ila mkewe.

Priscila alikuwa fundi umeme. Alisomea Bukoba, na kazi zake zilimpeleka huku na huko, kutandaza nyaya kwenye nyumba za Ngara mjini na kwenye maduka ya Rusumo ambako malori hulala yakisubiri kuvuka mpaka. Alimsikiliza mumewe huku anamenya ndizi.

"Itakuwa rilei imeng'ang'ania," alisema.

"Mama Aline, mimi naiwasha na kuizima tu. Niambie kwa Kiswahili."

Priscila akaweka kisu chini. Alimweleza kwamba ndani ya lile boksi la ukutani kuna kidude kidogo chenye kifuniko cha plastiki kinachopitisha mwanga. Humo mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye kipande cha chuma. Maji yakipungua tangini, boya linashuka na kuruhusu umeme mdogo, usioweza kumdhuru hata mtoto, upite kwenye koili. Chuma kinageuka sumaku. Sumaku inavuta mkono mdogo wa chuma, mkono unagusa ncha iliyo mbele yake, na hapo ndipo umeme mkubwa unapopata njia ya kwenda kwenye pampu. Tangi likijaa, umeme mdogo unakatika, springi inaurudisha mkono, na pampu inalala.

"Umeme mdogo na mkubwa havigusani kabisa," alisema. "Mdogo unaita, mkubwa unafanya kazi. Sasa zile ncha zikiungua sana hushikana, kama ugali na sufuria. Boya linasema tosha, mkono hautoki. Kesho natakiwa Rusumo. Nikirudi nitaiangalia."

"Naweza kuichungulia mwenyewe asubuhi."

"Chungulia ukiwa umezima swichi kuu."

"Tangi likiwa limejaa, rilei si imeachia? Hakuna umeme hapo."

"Umeme upo, Baba Aline. Umesimama pale kwenye ncha unasubiri. Kati yako na wenyewe kuna nafasi ya upana wa ukucha. Rilei ni ya kuendesha pampu, siyo ya kumlinda mtu."

Thobias alitikisa kichwa kukubali. Lakini asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umejaa bondeni, swichi kuu ilikuwa nje nyuma ya kibanda kwenye majani yaliyolowa umande, na yeye alitaka kuangalia tu. Alifungua boksi. Mkono wa rilei ulikuwa juu, umeachia. Alipeleka kidole gumba chake cha kulia kwenye skrubu ya waya ili aone kama imelegea.

Ta.

Francisca, mwenyekiti wa kamati ya maji, ndiye aliyemkuta amerushwa nje ya mlango, yuko hai, mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiganja. Priscila alimfikia hospitalini jioni. Thobias alikuwa macho, anatazama dari.

"Niliuona ukishuka," alinong'ona. "Tangi lilikuwa limejaa. Nililigonga kwanza, nikalisikia. Lakini ule mkono wa chuma uliinama, Mama Aline. Haukuvutwa kwa ghafla. Uliinama taratibu, kama mtu anayebonyeza kitu kwa kidole anataka aone kitatokea nini."

Priscila hakuamini, na hakumwambia kwamba haamini. Alirudi Kibimba akaenda bondeni na mkoba wake wa vifaa. Alizima swichi kuu, akagusisha testa kwenye kila ncha mpaka akaridhika kwamba hakuna umeme, ndipo alipoingiza mikono. Alikuta kosa. Rilei iliyowekwa ilikuwa dhaifu kuliko pampu. Pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na kila inapovuta, ncha zile ndogo zilikuwa zimetoa cheche na kuungua mpaka zikawa nyeusi. Mtu yeyote mwenye ujuzi angesema ndiyo hiyo sababu. Aliweka rilei kubwa yenye uwezo wa kubeba mzigo ule, akabadilisha fyuzi, akaziba tundu lililokuwa linaingiza unyevu. Kwa siku chache pampu ilifanya kazi kama kawaida.

Kisha tangi likafurika tena.

Safari hii alishuka saa sita mchana, jua likiwa utosini. Alizima swichi kuu, akapima, akafungua boksi. Alichomoa nyaya zote mbili za koili, zile zinazoleta ujumbe wa boya, akaziacha zinaning'inia. Rilei sasa ilikuwa kidude kilichokufa, hakina cha kukivuta. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake akiitazama.

Harufu ya tope ilifika kwanza. Ilipanda kutoka sakafuni ikamfunika kama blanketi la mgonjwa. Halafu ndani ya kile kifuniko cha plastiki, mbele ya macho yake, mkono wa chuma ukaanza kushuka. Ulishuka polepole, ukasimama katikati, ukatetemeka kidogo kama vile aliyeushika anamsubiri yeye apumue, na alipopumua ukamalizia. Ta. Ukapanda. Ukashuka tena.

Priscila alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akafunga boksi, akatoka. Hakukimbia mpaka alipofika kwenye migomba.

Nyumbani alimkuta Thobias, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, ameketi barazani na mkono wake wenye bandeji mapajani. Kidole gumba, ambacho daktari alisema hakitafanya kazi tena, kilikuwa kinajikunja na kujinyoosha.

"Kimeanza lini?" aliuliza.

"Saa sita." Thobias alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu binti yao Aline alikuwa ndani anasoma. "Hilo lililoko kibandani likibonyeza, kidole kinajikunja huku. Mama Aline, mimi nalisikia. Linasema mkono huu niliuacha kule. Linasema nikaufuate."

"Linasema kwa sauti gani?"

"Ya mwanamke. Haina hasira. Ndiyo inayonitisha, kwamba haina hasira."

Habari haikukaa ndani. Katekista Idefonsi alikuja akasali na kunyunyiza maji ya baraka kwenye kibanda, na kesho yake kufuli lilikutwa limejaa tope kwa ndani. Basi kamati ikaagiza mganga aitwaye Mzee Malongo kutoka upande wa Biharamulo, Msubi mrefu mwenye koti la suti, ambaye alizunguka kibanda kimyakimya, akainama, akanusa ardhi, kisha akaomba watu wakutane kwenye uwanja wa shule.

"Shikamoo, mzee," Priscila alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Kaa karibu."

Aliwaambia kwamba chemchemi ile ya bondeni ilikuwa na mwenyewe, jini la kike, la zamani kuliko majina ya vitongoji vyao. Mradi wa maji ulipokuja ulijenga kibanda juu ya jicho la chemchemi, ukafunika kila kitu kwa saruji, na maji yote yakapandishwa mlimani.

"Ni jini lenye nguvu?" Francisca aliuliza.

Mzee Malongo alifikiri. "Hapana. Watu hudhani hivyo. Zamani mtu akidharau pale alikufa, lakini jini halikumzamisha. Halina uwezo wa kumbeba hata mbuzi. Lilisogeza jiwe moja dogo alipotaka kukanyaga. Kilichomuua ni uzito wake mwenyewe na kina cha maji."

Priscila aliinua kichwa. Alimtazama mzee yule kwa muda mrefu, kisha akatazama kule bondeni.

"Ushauri wangu ni mfunge pampu," Mzee Malongo alimalizia. "Bomoeni kibanda, mkateke kama walivyoteka bibi zenu. Litatulia."

Uwanja ukanung'unika kwa kukubali. Mzee mmoja alisema hata yeye aliona tangu mwanzo. Kijana mmoja alisema yuko tayari kubomoa siku hiyohiyo. Ilikuwa sauti moja ndogo iliyotoka Biharamulo, na tayari umati mzima ulikuwa umeanza kuzunguka kama pampu.

Priscila alisimama.

"Mzee, nakuheshimu, na ulichosema kuhusu jiwe nakiamini kuliko mtu yeyote hapa," alisema. "Lakini pampu sifungi. Mlima ule ulimvunja nyonga mama yake mwenyekiti. Esperansia yule pale alipoteza mimba akiwa na ndoo kichwani, na mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyeita kikao. Mume wangu ameungua. Mnataka nimwambie ameungua ili tukarudi kulekule?"

"Litaua mtu," alisema Mzee Malongo, bila ukali.

"Litaua kwa kitu gani? Umesema mwenyewe halina nguvu. Lina kidole tu. Kidole kinabonyeza kitu kidogo, na kitu kidogo kinafungulia kitu kikubwa. Hiyo ndiyo rilei, mzee. Nimesomea hiyo. Nikiondoa kile kikubwa, litabonyeza nini?"

Watu walitazamana. Francisca, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema wampe fundi mpaka Jumapili.

Priscila alianza kazi siku iliyofuata. Alihamisha swichi kuu kutoka nyuma ya kibanda akaiweka mlangoni, mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kuigusa, na akaifunga kwenye boksi la chuma lenye kufuli. Kila alipotaka kufungua boksi la rilei alizima kwanza, akapima kwa testa, na kwa kuwa sasa alijua kuna kidole kinachoweza kubonyeza hata swichi, alichomoa fyuzi kubwa yenyewe na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake. Pale ilipochomolewa palibaki pengo, na hakuna kidole, cha mtu wala cha jini, kinachoweza kubonyeza pengo. Alifanya kazi huku rilei inagonga karibu na sikio lake, ta, ta, na mara nyingine alihisi pumzi baridi kwenye shingo. Aliendelea kukaza skrubu.

Jumamosi alasiri alipanda mlimani kukagua boya, fyuzi ikiwa kwenye kitenge, kibanda kikiwa wazi. Mvua ilikuwa imekatika punde na ukungu ulianza kuinuka kutoka bondeni. Alikuwa juu ya ngazi ya tangi alipomsikia Aline anaita kutoka nyumbani kwamba baba hayupo barazani.

Akageuka, akamwona. Thobias alikuwa anashuka kwenye njia ya zamani, ile ya wachota maji ambayo hakuna aliyeipita tangu bomba lije, anatembea bila kutazama chini, na mkono wake ulioungua umenyooka mbele yake kana kwamba kuna mtu ameushika na kumwongoza, na bandeji ilikuwa imefunguka inaburuta kwenye matope nyuma yake, na Priscila alishuka ile ngazi bila kujua ameishukaje, akakimbia, akateleza, akainuka, akaita jina lake na ukungu ukalimeza jina, akapita kwenye migomba ya Idefonsi na kwenye mahindi ya mtu mwingine, na muda wote huo alikuwa anaisikia, kutoka mbali kiasi ambacho sikio la mtu halipaswi kusikia, sauti ya chuma kwenye chuma, ta, ta, ta, ta, kwa haraka kama moyo wa mtu anayeona anachokitaka kinakuja, mpaka alipofika mlangoni na kumkuta mumewe amesimama mbele ya boksi lililo wazi, kidole gumba chake kimegusa palepale kilipoungulia mara ya kwanza.

Rilei ilikuwa inabonyezwa kwa nguvu mpaka plastiki yake inapasuka. Thobias alikuwa analia bila sauti.

"Siwezi kuutoa mkono," alisema. "Mama Aline, kimbia. Utaungua na wewe."

Kila kitu mwilini mwa Priscila kilimwambia akimbie. Aligusa pindo la kitenge. Fyuzi ilikuwemo, ngumu, na uzito wake uleule. Aliitoa, akaitazama ili macho yake pia yajue. Kisha akaenda mpaka kwenye boksi, na mkono wake wa kushoto akauweka juu ya mkono wa mumewe, ngozi yake juu ya ngozi ile iliyoungua, kwenye ncha zilezile.

"Bonyeza," alisema.

Ta.

"Bonyeza tena."

Ta. Ta. Hakukuwa na kitu. Chuma kiligusa chuma, basi.

"Umeona?" Aliinua fyuzi juu. "Nguvu uliyomuunguzia haikuwa yako. Uliiazima kwetu, na mimi nimeichukua. Hii hapa mkononi. Sasa uko na kidole chako tu. Bonyeza mpaka uchoke, mimi sina haraka, na pampu hii haifungwi."

Tope lilipanda kwenye sakafu ya saruji, likawafunika vidole vya miguu, baridi kama maji ya kaburi. Kitu kikasimama nyuma yake, karibu, kirefu kumzidi. Hakugeuka. Rilei iligonga, ikagonga, halafu ikaanza kupunguza, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamo lakini hawafungui. Mara ya mwisho mkono wa chuma ulishuka nusu tu. Ukarudi juu. Kidole cha Thobias kikalegea chini ya kiganja chake.

Mzee Malongo alikuwa mlangoni. Alikuwa amemwona mgonjwa anapita njia ya zamani akamfuata kwa mwendo wake wa uzee, na sasa alikuwa ameshika kizingiti akihema.

"Nimefukuza majini mengi," alisema. "Sijaona mtu anaweka mkono wake."

"Haukuwa na umeme, mzee."

"Najua. Ulivyosema uwanjani nilielewa." Alitazama saruji iliyofunika jicho la chemchemi. "Ila sikiliza, fundi. Limeshindwa, halijaondoka. Litaenda wapi? Maji yote mmeyapandisha juu. Mwenyewe anywe wapi?"

Priscila alikuwa amemwegemeza Thobias begani. Alikuwa amechoka, na alikuwa bado na hasira.

"Maji yapo bombani," alisema. "Njia anaijua."

Jumapili kamati ilikuja ikakagua, fyuzi ikarudishwa, na Jumatatu asubuhi bomba la kitongoji lilifunguliwa. Wanawake walijipanga na ndoo zao tangu ukungu ukiwa mzito, na Priscila alisimama pale mwenyewe kufungulia, kwa kuwa wengine bado walikuwa wanaogopa kugusa koki.

Foleni ilikuwa imefika katikati pale mwanamke mmoja alipotokea kwenye njia ya bondeni. Alikuwa mrefu. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini ilhali mvua haikunyesha tangu juzi, na alibeba mtungi wa udongo, mweusi, wa aina ambayo hata bibi zao hawakuitumia. Hakuna aliyemjua. Harufu ilipofika, mazungumzo yalikatika, na wanawake wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, wakimpisha. Alipita katikati yao mpaka mbele, akaweka mtungi wake chini ya koki, kando ya ndoo iliyokuwepo, akasubiri.

Esperansia, ambaye zamu ilikuwa yake, alishika rozari shingoni. Lakini ndoo yake hakuiondoa.

Priscila alifunga koki. Alimtazama yule mwanamke machoni, na macho yale yalikuwa yametulia, hayana mwisho, kama kutazama kisimani saa ya mchana.

"Karibu, mama," alisema. "Hapa tunapanga foleni."

Migomba ilikoma kutikisika. Mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamziba mdomo. Yule mwanamke alimtazama fundi kwa muda ambao hakuna aliyeweza baadaye kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha akainama, akainua mtungi wake, akatembea mpaka mwisho wa foleni, akasimama.

Francisca alikuwa amechelewa kufika. Alijikuta nyuma yake, peke yake, pua yake ikiwa karibu na ule mgongo uliolowa. Alifunga macho, akayafungua, akabaki palepale.

Foleni ilisogea. Ilipofika zamu yake, mwanamke yule aliweka mtungi, na Priscila akamfungulia. Ulichukua muda mrefu kujaa kuliko ulivyotarajiwa kwa ukubwa wake. Ulipojaa aliubeba kichwani bila kusaidiwa, bila tone kumwagika, akateremka na njia ya zamani mpaka ukungu ukamchukua. Hakusema asante, na hakuna aliyemuuliza ni wa nyumba gani.

Walibaki wanatazama kule alikopotelea. Francisca ndiye aliyesogea, akaweka ndoo yake chini ya koki.

"Fungulia, fundi," alisema. "Tumeshachelewa shambani."